Viminazi kwenye Tangi la Baba

Nkololo, Bariadi
14 Machi 2023

Dada Klementina,

Mwangaluka! Bahari inaniogopa, dada, na wala sijawahi kuiona. Toka Mungu aumbe chumvi hajatokea mtu wa Nkololo aliyeichapa bahari akiwa amekaa kwenye kigoda, kandambili moja mguuni, ya pili mbwa ameila. Aliyetokea ni mimi. Serikali ikipata habari italeta helikopta kunichukua, na nitaiambia isubiri kwanza nimalize uji.

Salamu kwa Mama Mlezi wenu hapo kwa masista, ambaye najua anasoma barua hii kabla yako. Shikamoo Mama Mlezi. Usikate chochote, yote ni mema. Na kwa kuwa dada yangu ni mtu wa kimya, najua hajakueleza kwetu kukoje, basi nikueleze mimi. Baba yetu, Mzee Magese, alikuwa anaosha matangi ya samaki kule Tanga. Wenzake walipostaafu walirudi makwao na makochi, yeye akarudi na bahari. Tangi la kioo, mawe, magunia ya chumvi ya kuchanganya, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Anaitwa Diwani, kwa sababu ana kitambi na hatoki kwenye kiti chake. Hapa kijijini watu walikuja kumwangalia kwa foleni. Bibi mmoja alisema ni jini, akaomba aonjeshwe maji, akatema, akasema ndiyo, ni jini.

Dada, Baba yuko vilevile ulivyomwacha. Upande wa kulia umelala, maneno hayatoki. Lakini kila asubuhi namsogeza na kiti chake mpaka kwenye kioo. Anagonga kwa kucha ya mkono wa kushoto, ti ti ti, Diwani anatoka kwenye jiwe lake na kuja mpaka usawa wa pua yake. Hapo Baba anacheka upande mmoja, halafu anafungua mdomo. Bila Diwani uji hauingii. Nimejaribu kila hila, nimeimba, nimecheza, hauingii.

Sasa vita yenyewe. Kwenye mawe viliota vile vidude Baba alivyoviita viminazi. Unavikumbuka: vya kahawia, shina laini kama kamasi, juu vinapepea mikono kama makuti. Vinaonekana mimea kumbe ni wanyama, na vinachoma. Wiki iliyopita vilimchoma Diwani ubavuni, akabaki na doa jeupe, akajificha. Baba akagonga, Diwani hakutoka. Baba hakula mpaka jua linazama.

Nikasema haiwezekani. Nimechukua wembe nikavikatakata vyote kama nyama ya mishikaki. Maji yalijaa makuti! Vita imeisha asubuhi moja tu.

Mimi ndugu yako,
Ndalahwa Magese
Jenerali wa Maji ya Chumvi

*

Nyumba ya Malezi, Iringa
5 Aprili 2023

Mdogo wangu Ndalahwa,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako ilisomwa, kama ulivyojua. Mama Mlezi aliniita ofisini, akaniambia kwa uso mzito kwamba ndugu yangu ni mtu wa hatari. Halafu akageukia dirishani, nikaona mabega yanamtikisika. Hakukata chochote.

Mimi sikucheka. Ndalahwa, viminazi havikatwi. Kipande kidogo kama punje ya uwele kikibaki kwenye jiwe, kinakuwa mzazi. Umevipanda, hukuviua. Baba alinifundisha haya nikiwa Darasa la Nne, wakati wewe unafukuzana na ndama.

Sasa sikiliza, na usijifanye unajua. Chini ya meza kuna kopo la bluu. Ndani yake mna bomba dogo la sindano la Baba na chokaa ya tambuu aliyotoka nayo Tanga. Chemsha maji, yapoe, koroga chokaa iwe kama uji mzito. Zima mashine ya mapovu ili maji yatulie. Sogeza ncha ya bomba polepole mpaka mdomoni mwa kiminazi, pale katikati ya mikono. Ukikishtua kinajikunja na kuingia ndani ya jiwe, na hapo utasubiri. Kikitulia, kilishe chokaa. Fanya vichache kwa siku, maji yapumzike.

Na bomba liwe hilo hilo. Kitu kilichowahi kugusa sabuni au dawa yoyote kisiingie kwenye tangi. Unakumbuka Baba alikuwa hata mikono hanawi kwa sabuni siku ya kulihudumia, mama akimgombeza mezani.

Neno lingine. Huu ni mwaka wetu wa ukimya: hatutoki, simu hatupigi. Nilipoingia nilimwomba Mama Mlezi jambo moja, akanikubalia. Baba akizidiwa, nitaruhusiwa kuja kumuuguza, ila mwaka huu utakuwa umekatika na nitauanza upya na wale watakaoingia baadaye. Sijali kuuanza upya. Ninachotaka ni kuambiwa ukweli. Huko wewe ndiye macho yangu.

Mpe Baba mkono wa kushoto kwa niaba yangu.

Dada yako,
Klementina

*

Nkololo
30 Aprili 2023

Dada,

Mwangaluka mayu! Mama Mlezi, shikamoo tena. Nimesikia umenicheka. Wengi huanza hivyo, baadaye wananiombea kura.

Ni kweli wembe ulikuwa na kasoro. Siyo mimi, wembe. Viminazi vimerudi na shemeji zao, na mashemeji wa shemeji zao. Jiwe la Diwani limezungukwa kila upande, maskini anatokea mlango wa nyuma kama mtu anayedaiwa. Bado anakuja akigongewa, lakini anachelewa, na Baba akimsubiri jasho linamtoka.

Kopo la bluu nimelipata. Chokaa ipo. Bomba, sasa dada usikasirike, bomba la Baba nilijazia upepo mpira mwaka juzi, likapasuka. Nilitaka kukwambia siku ileile ila ulikuwa unasali. Kila nikitaka kukwambia kitu wewe unasali.

Lakini kidume hakosi silaha! Nimekwenda kwa jirani yetu Athanasi, yule anayechoma ng'ombe sindano. Dada, lile ndilo bomba. La chuma, nene kama muhindi, ukilishika mwenyewe unajiona daktari wa mkoa. Siku za kuogesha ng'ombe analipimia dawa ya kupe. Athanasi akaniambia, "Lichemshe kwanza, wewe kijana, lichemshe hata mara mbili." Nikamwambia, "Wewe ni mtu wa ng'ombe, samaki niachie mwenyewe." Nimelisuuza pale kisimani. Linang'aa.

Nimemwonyesha Baba. Akatikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka mate yakamdondoka. Ni furaha, mzee hajawahi kuona silaha kama hii.

Chokaa nimeshakoroga. Kesho, Mei Mosi, wafanyakazi wote wanapumzika, mimi peke yangu naingia kazini. Barua ijayo uisome umesimama.

Ndugu yako,
Dokta Ndalahwa
Bingwa wa Viminazi, Kanda ya Ziwa na Visiwa Vyake

*

Nyumba ya Malezi, Iringa
28 Mei 2023

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua yako ya mwisho ilifika, nami niliposoma habari ya bomba la Athanasi nilikaa chini kwenye ngazi. Nilijibu siku ileile kukukataza, lakini nilikuwa najua kwamba ulipoandika "kesho", hiyo kesho ilikwisha kupita.

Tangu hapo sijapata neno. Mama Mlezi naye ameanza kuuliza posta. Niandikie, hata mistari miwili. Diwani yukoje? Baba anakula?

Klementina

*

Nkololo
12 Juni 2023

Dada Klementina,

Tumsifu Yesu Kristu.

Barua zako mbili zimefika. Sisi hatujambo. Viminazi nimevichoma, vimepungua. Bomba lilikuwa safi. Diwani yupo. Baba yupo. Anakula. Mvua zimekatika, pamba imeanza kupasuka.

Salamu kwa wote.

Ndalahwa

*

Nyumba ya Malezi, Iringa
2 Julai 2023

Ndalahwa,

Mama Mlezi aliniletea barua yako kwa mkono wake mwenyewe, bustanini. Akauliza kama siku hizi nyumbani mna mwandishi mwingine.

Hujamwamkia. Hujajisifu. Hujanitania hata kidogo. Umeandika "Diwani yupo" kama mtu anayeitikia jina la mwenzake darasani. Nimekulea mwenyewe tangu mama afariki, nakujua. Ukivunja sahani unakuwa mpole. Siku ulipompoteza ndama wa Mzee Mayunga ulifagia uwanja bila kutumwa.

Sitakuuliza kilichotokea. Kama umeharibu kitu, umeharibu, tutalia pamoja yatapita. Nakuuliza moja tu, kwa sababu hili siwezi kuliona nikiwa huku. Mama Mlezi ameniambia leo: nikihitajika, gari litanipeleka stendi asubuhi yoyote. Begi langu ni dogo.

Msomee Baba barua hii. Kisha unijibu kwa neno moja. Nije, au nisije?

Dada yako,
Klementina

*

Nkololo
15 Julai 2023

Dada yangu wa pekee!

Mwangaluka, mwadila, na salamu za usiku nazo weka hapohapo! Mama Mlezi, shikamoo, shikamoo tena ya deni la barua iliyopita. Wasiwasi wenu umenichekesha mpaka jogoo akakimbia. Ile barua niliandika nina malaria, kalamu yenyewe ilikuwa inatetemeka. Mtu akiandika kwa adabu mara moja tu katika maisha yake mnataka kumletea gari?

Haya, pokeeni taarifa. Baba amenenepa mpaka kiti kinalia kama mbuzi. Shangazi Debora amekuja kukaa nasi, anasaga uwele, Baba anamaliza bakuli na kutazama sufuria. Diwani ameota kitambi cha pili juu ya kile cha kwanza. Viminazi vimekwisha, kimebaki kimoja cha maonyesho, watoto wa shule watakuja kukiona kwa kiingilio. Athanasi ameniomba nimfundishe.

Neno moja ulilotaka ni hili: usije. Malizia mwaka wako, uwe sista kamili, nami nitatembea hapa Nkololo kifua mbele nikisema yule ni dada yangu. Unadhani mimi siwezi kumtunza baba yangu mzazi? Mimi? Ndalahwa?

Wako asiyeshindwa,
Mheshimiwa Ndalahwa Magese

*

Nyumba ya Malezi, Iringa
17 Septemba 2023

Mdogo wangu Ndalahwa,

Nimefika salama. Viatu vyangu vilikuwa na udongo wa Nkololo na sikuupangusa, nikaviweka chini ya kitanda hivyohivyo.

Watu walikuwa wengi kwenye mazishi ya Baba na siku nilizopewa zilikuwa chache, hata hatukukaa. Kila nilipokutafuta ulikuwa umebeba kitu: kuni, viti, maji. Shangazi Debora alinishika mkono mara mbili kama ana neno, na kila mara ukatokea wewe katikati yetu na sufuria la chai. Watu walikusifia. Wakasema kijana aliyekuwa anapiga domo ndiye aliyembeba baba yake kama mtoto mpaka mwisho.

Niliomba kumwona kabla jeneza halijafungwa. Uso wake ulikuwa mdogo. Hapa tuna sista muuguzi, nimemwuliza, akasema mwili ukipata kiharusi cha pili, kama hicho kilichomchukua Baba, unaweza kunywea upesi sana. Basi nimepokea hivyo. Ulisema amenenepa, nami najifariji kwamba alichukuliwa ghafla, ameshiba, hakukaa akitaabika. Nilipoushika mkono wake wa kushoto niliona kucha ya kidole kile imekwisha, imelika mpaka kwenye nyama. Alikuwa anagonga sana, ee? Nilifurahi kuiona. Nikasema, mpaka mwisho alikuwa anamwita samaki wake.

Tangi mlilifunika kwa kanga ya mama. Nilidhani ni kwa sababu ya umati sebuleni, nikaona ni heshima, sikufunua. Sasa najuta, ningemwona. Niambie tu, Diwani anaendeleaje? Kiti kikiwa kitupu, bado anakuja kwenye kioo? Ndiye pekee aliyekuwa anaongea na Baba. Mtunze. Siku nikipata likizo nitakaa mbele yake nimgongee.

Dada yako anayekupenda,
Klementina

*

Nkololo
8 Oktoba 2023

Dada Klementina,

Mwangaluka.

Nilianza barua hii kwa majigambo, nikaichana. Nikaanza nyingine, nayo hivyohivyo, mkono unayaandika wenyewe. Hii ndiyo ya mwisho, nisipoituma hii sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Mama Mlezi, shikamoo. Tafadhali usimpe akiwa peke yake. Kaa naye.

Diwani alikufa siku ileile, Mei Mosi. Nilizima mashine kama ulivyosema, nikaingiza bomba la Athanasi, nikalisha kiminazi cha kwanza, cha pili. Cha tatu sikukifikia. Diwani alitoka kwenye jiwe bila kuitwa, akaanza kuogelea kiubavu, anajigonga kwenye mawe, anazunguka kama jani kwenye mto. Uji wa Baba ulikuwa mezani, haujapoa, akawa ameshaelea. Ni ile dawa ya kupe, ilibaki kwenye mpira wa ndani ya bomba. Athanasi alinieleza baadaye, akalia, kana kwamba kosa ni lake.

Baba alikuwa kwenye kiti. Aliona yote. Hakumtazama samaki, dada, alilitazama bomba mkononi mwangu. Na siku ile aliyotikisa kichwa haikuwa furaha. Ilikuwa hapana. Nilijua ni hapana nilipokuwa nakuandikia.

Viminazi havikufa. Hata vile viwili nilivyolisha chokaa vilisinyaa, halafu vikaota pembeni. Dawa ya kupe haikuvifanya kitu.

Kesho yake Baba alinionyesha kwa mkono nimsogeze kwenye kioo. Nikamsogeza, ningefanyaje. Akagonga. Akasubiri. Akagonga tena. Alikuwa anajua, aliona kwa macho yake, lakini kila asubuhi aligonga, na uji ukapoa, nikaumwaga. Nilipanda basi mpaka Lamadi, nikanunua perege mdogo aliye hai kwa wavuvi, nikambeba kwenye ndoo mapajani njia nzima, abiria wakinicheka, nami nawatania. Nikamtia kwenye tangi. Yule ni wa maji baridi ya ziwani, chumvi ilimmaliza mchana uleule, na Baba akaona samaki wa pili anakufa mbele yake. Hiyo ndiyo akili yangu.

Shangazi Debora ndiye aliyepata njia, kwa bahati tu. Alimweka Baba upande mwingine wa tangi, penye kiminazi kikubwa kuliko vyote. Baba akagonga, kiminazi kikajikunja. Akangoja, kikafunguka polepole. Akagonga, kikajikunja. Akacheka, dada. Upande mmoja, kama zamani. Akafungua mdomo, tukampa vijiko viwili.

Kuanzia hapo niliacha kuviua. Nikawa navilisha. Nasaga dagaa, nakidondoshea kila kimoja mdomoni, vile ulivyonifundisha kudondosha chokaa. Vimejaa tangi lote sasa, mawe hayaonekani. Ndivyo nilivyovifunika kwa kanga, usivione. Vilimfanya ale vijiko viwili, siku nyingine vitatu, siku nyingine hakuna. Havikutosha. Alikuwa anaisha. Mwezi wa saba nilikuwa namwinua kwa mkono mmoja, na hapo siyo kwamba nina nguvu. Kila nilichokuandikia juu ya kunenepa niligeuza tu, nikitazama mifupa naandika kinyume.

Mambo ya bomba unaweza kunisamehe, najua utanisamehe, uliandika tutalia yatapita. Mjinga yeyote angeweza kusahau kuchemsha bomba. Siyo hilo.

Ile barua yako ya Julai uliniambia nimsomee Baba. Nilimsomea. Nilikaa kwenye kigoda miguuni pake nikasoma kwa sauti, na nilipofika pale pa "nije, au nisije", akainua mkono wa kushoto. Tangi lilikuwa mbali, mkono haukufika kwenye kioo. Akagonga mkono wa kiti. Ti ti ti. Akanitazama, akaitazama karatasi, akagonga tena.

Alikuwa anakuita, dada. Nilielewa kabisa. Nikawaza utakavyoingia, uende kwenye tangi, uone. Nikachukua kalamu, yeye bado anagonga, nikaandika usije.

Ndalahwa